Projekta ipo, chemshabongo zipo, mbona hisabati bado haipandi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha hisabati kidato cha kwanza na cha pili katika shule ya kata hapa Moshi. Kila mkondo una wanafunzi sitini na kitu. Tuna projekta moja, na chumba cha kompyuta chenye mashine ishirini ambazo zinazowaka ni nane. Kwenye semina tuliambiwa tutumie teknolojia na chemshabongo ili watoto walipende somo. Nimefanya hivyo. Nawaonesha video, na Ijumaa tunacheza chemshabongo, darasa linachangamka kweli kweli. Lakini jaribio likija, matokeo ni yale yale. Mkuu wa shule ameanza kuniuliza kama vipindi vyangu ni vya masomo au vya burudani. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Nianze na hilo la kuchangamka, maana usije ukalidharau kwa sababu ya maneno ya mkuu. Katika matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2022, waliofaulu hisabati nchi nzima walikuwa takribani 20 katika kila 100. Mwaka 2023 wakafika takribani 25. Mtoto anayeingia kidato cha kwanza ameshayasikia hayo kwa kaka na dada zake, na anakuja akijua kabisa kwamba somo hili litamshinda. Juu ya hilo, aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili anajikuta ghafla hesabu zile zile anaulizwa kwa Kiingereza. Ukimfanya huyo asogeze kiti mbele katika kipindi cha hisabati, umefanya kazi kubwa. Chemshabongo nzuri ina faida nyingine hapo: inaeleweka kwa maneno machache, kwa hiyo mtoto hashindwi kabla hajaanza.

Mkuu wako naye ana haki ya kuuliza. Kwa ulivyoeleza, chemshabongo zako zinakaa Ijumaa, na mada zinakaa Jumatatu hadi Alhamisi. Video inaeleza, watoto wanaitazama. Ni kachumbari pembeni ya sahani: inanogesha, lakini wali ni ule ule uliokuwa hauliki. Ninachowaambia walimu ninaofanya nao kazi hapa Arusha ni kwamba chemshabongo kazi yake ni kumlazimisha mwanafunzi akisie jambo lililo ndani ya mada yenyewe, na mashine kazi yake ni kulipima kisio hilo haraka. Mashine ikijibu kabla mtoto hajakisia, hakuna alichojifunza, hata kama amepiga makofi.

Nitakupa mfano mmoja kwa kirefu, na hauhitaji hata umeme.

Kila mwanafunzi aandike namba ya tarakimu tatu, ya kwanza na ya mwisho zisifanane. Aigeuze nyuma mbele, kisha atoe ndogo kutoka kubwa. Jibu lake aligeuze tena, halafu ajumlishe. Tuseme kachagua 743: akiigeuza ni 347, tofauti ni 396, ikigeuzwa ni 693, jumla 1089. Wewe kabla ya yote umeshaandika 1089 kwenye karatasi, umeikunja na kumpa kiranja aikalie. Karatasi ikifunguliwa, wanafunzi sitini wenye namba sitini tofauti, karibu wote wanakuta jibu lao limo. Mwalimu wa chumba cha pili atakuja kuchungulia dirishani.

Wengi wetu tunaishia hapo. Makofi, vicheko, kisha "haya, fungueni kitabu". Hesabu yenyewe ndiyo kwanza inataka kuanza.

Kwanza, lazima atakuwepo aliyepata 198. Ukiangalia daftari lake utakuta alichagua namba kama 463: 463 toa 364 ni 99, akaigeuza 99 ikabaki 99, akajumlisha. Wenzake watamcheka. Usimruhusu afute. Ipeleke namba yake ubaoni na uulize darasa: kila mtu tofauti yake ina tarakimu tatu, ya huyu imekuwaje na mbili? Subiri. Atatokea mmoja aseme iandikwe 099. Ikigeuzwa ni 990, na 099 jumlisha 990 ni 1089. Huyo aliyechekwa ndiye amelifundisha darasa maana ya sifuri kama mshika nafasi, jambo ambalo kitabu hulipitia kwa sentensi mbili.

Pili, uliza kwa nini. Usieleze wewe. Waambie wakutajie zile tofauti walizozipata, uziorodheshe ubaoni kuanzia ndogo: 099, 198, 297, 396, 495, 594, 693, 792, 891. Wape dakika tano, wawili wawili, waandike wanachokiona. Watasema katikati kuna 9 daima. Watasema tarakimu za pembeni zikijumlishwa zinatoa 9. Mwenye macho makali atasema zote zinagawanyika kwa 99. Kabla hujaendelea, wakisie kwa kuandika: ile tarakimu ya katikati uliyoichagua mwanzoni ina nguvu yoyote juu ya jibu? Darasa litagawanyika, na mgawanyiko huo ndio unaoutafuta.

Sasa ndipo herufi ziingie. Namba yoyote ya tarakimu tatu ni 100a + 10b + c. Ikigeuzwa ni 100c + 10b + a. Toa moja kutoka nyingine: ile 10b inajifuta, inabaki 99a − 99c, yaani 99(a − c). Waliosema tarakimu ya katikati haina nguvu wameshinda, na ushahidi wameuona kwa macho. Mtoto ambaye wiki nzima amekuwa akijiuliza a na b zinatafuta nini kwenye hesabu, leo ameona zinafanya kazi ambayo namba 743 peke yake isingeweza kuifanya: kusema jambo moja juu ya namba zote kwa mpigo. Na ukitazama vizuri, hapo umefundisha kurahisisha mitajo, kufungua mabano na kutoa kigawo cha pamoja nje. Jaribio la Jumatatu liwekee swali hilo hilo bila hadithi: rahisisha 100a + 10b + c − (100c + 10b + a). Mkuu akiuliza burudani imezaa nini, muoneshe madaftari.

Wanaomaliza mapema wape tarakimu nne, na usiwaambie kwamba huko majibu yanakuwa zaidi ya moja. Wakuambie wao.

Nimekaa sana kwenye mfano huu kwa sababu ndiyo sura ya chemshabongo ninayoitaka. Ukiwa unachagua nyingine, jiulize: nikiiondoa mada ya leo, hii chemshabongo itabaki? Ikibaki nzima, basi ni ya Ijumaa. Ndiyo maana simo kwenye kundi la wanaosema tuwape watoto bao tu, hisabati yetu ya asili imo humo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na bingwa wake anapiga mahesabu ambayo mimi siyawezi. Lakini mtoto wa kidato cha kwanza anayelianza leo atakuwa anahesabu kete na kuzisambaza, jambo alilolimaliza darasa la pili. Acheze jioni na babu yake, ni mchezo mzuri.

Kuna nyingine mbili ninazoziamini. Kwa vipeo, kata kadibodi vipande vya duara vya ukubwa tofauti, chora vituo vitatu mezani, na uwape kazi ya kuhamisha mnara kutoka kituo kimoja hadi kingine, kipande kimoja kimoja, kikubwa kisikae juu ya kidogo. Ni chemshabongo aliyoitoa Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883. Vipande 3 vinahitaji hatua 7, vinne 15, vitano 31. Waandike makisio ya vipande 10 kabla ya kutafuta kanuni. Wengi wataandika sabini au mia. Ni 1,023, yaani 2 kwa kipeo cha 10 toa 1, na mshtuko huo ndio utakaowakumbusha kwamba kipeo si kuzidisha kwa kawaida.

Ya pili ni ya kutoa, kwa wale ambao kukopa bado kunawasumbua. Chukua tarakimu nne zisizofanana zote, zipange kuanzia kubwa, zipange tena kuanzia ndogo, utoe, na urudie kwa jibu unalopata. Ukianza na 3524: 5432 − 2345 ni 3087, 8730 − 0378 ni 8352, 8532 − 2358 ni 6174. Baada ya hapo unazunguka pale pale. Haizidi hatua saba kufika 6174. Aliyeigundua, D. R. Kaprekar, alikuwa mwalimu wa shule nchini India, hakuwa profesa. Watoto wanapenda kuijua habari hiyo, na mimi pia. Watafanya hesabu za kutoa ishirini bila kulalamika, ambapo ukiwaandikia ubaoni ishirini zile zile watakununia.

Tuje kwenye mashine zako nane. Si chache kama unavyodhani. Wanafunzi wanne kwa kila moja ni 32, awamu mbili ni 64. Kipindi pacha kina dakika 80. Dakika 20 za kwanza kompyuta zimezimwa, wote wanakisia kwenye daftari. Kisha nusu wanaingia kwenye mashine kwa dakika 25 huku nusu wakifanya zoezi la kitabu, halafu wanabadilishana. Dakika 10 za mwisho zima kila kitu, mjadili nani alikisia karibu na kwa nini. Sheria ya mezani iwe moja: mwenye kipanya haamui chochote, anafanya anachoambiwa na wenzake. Bila sheria hiyo mtoto mwenye kompyuta nyumbani atafanya kila kitu na watatu watakuwa watazamaji, na utarudi kule kule kwenye video.

Programu gani? Kwa mwaka mzima wa kidato cha kwanza Excel inatosha, au programu nyingine ya majedwali ya aina hiyo, hata ya zamani. Haihitaji intaneti. Wewe uko Moshi, una grafu ya mstari mnyofu inayoonekana asubuhi mawingu yakiwa yameondoka. Wape vimo vya njia ya Marangu ya kupanda Kilimanjaro kwa makadirio: mji tuseme mita 800, lango la Marangu 1,900, kambi ya Mandara 2,700, ya Horombo 3,700, ya Kibo 4,700, na kilele cha Uhuru 5,895. Waambie joto la hewa hushuka kwa wastani wa nyuzijoto 6.5 kila unapopanda mita 1,000. Mjini leo ni nyuzijoto 28. Swali: ukipanda, utaikuta sifuri wapi?

Wakisie kwanza, kila mmoja aweke alama kwenye mchoro wa mlima. Wachore grafu kwa mkono. Ndipo waingize jedwali kwenye Excel. Kibo watapata kama 2.65, kileleni kama −5, kwa hiyo mstari unakatiza sifuri kwenye mita 5,100 hivi, juu ya Kibo. Sasa faida ya mashine inaonekana: badilisha 28 iwe 20, kama asubuhi ya Julai. Kabla hawajabonyeza, wakisie tena: mstari utalala zaidi, utasimama zaidi, au utashuka ulivyo? Wengi watasema utalala. Unashuka ulivyo, mteremko ni ule ule, na sifuri inateremka hadi mita 3,900 hivi, juu kidogo ya Horombo. Kwa mkono ungechora grafu moja katika kipindi kizima. Kwa mashine wanachora sita, na kila moja imetanguliwa na kisio.

Bila shaka atakuwepo ambaye baba au mjomba wake ni mpagazi, atakwambia usiku maji yanaganda chini zaidi ya hapo. Mshukuru. Ile 6.5 ni wastani. Usiku, mawingu na upepo vina mambo yao. Mjadala wa kwa nini hesabu na mlima haviafikiani ni hisabati pia, tena nzuri.

Projekta itumie kwa GeoGebra, programu ya kuchora grafu na maumbo. Aliyeianzisha ni Markus Hohenwarter, mwaka 2001, akiwa Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Ni bure, na ukiishaiweka kwenye kompyuta au simu inafanya kazi bila bando. Andika y = 2x + 1, mstari uonekane ukutani. Kisha funika lenzi. Sema: nabadilisha 2 iwe 5. Kila mtu asimame anyooshe mkono kuonesha mstari utakavyokaa. Utaona mikono sitini, na kwa sekunde mbili utajua nani ameelewa na nani anamwangalia jirani. Funua. Badilisha iwe −2, funika tena. Hakuna jaribio la kuandika litakalokupa taarifa hiyo haraka hivyo, na umeme ukikatika katikati, mikono bado ipo na ubao bado upo. Hili la umeme ulipange tangu mwanzo: somo lolote linalokufa TANESCO wakikata halikuwa limeandaliwa vizuri.

Kwa wenye kiu zaidi, kuna chemshabongo ambayo mashine inaifaa kuliko mkono. Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa igawe kwa 2, ikiwa witiri izidishe kwa 3 ujumlishe 1, endelea. Daima unaishia kwenye 1, au angalau hakuna aliyewahi kukuta vinginevyo, na hakuna aliyethibitisha kwamba lazima iwe hivyo. Inahusishwa na Mjerumani Lothar Collatz, tangu mwaka 1937. Kwenye Excel weka namba kwenye A1, na kwenye A2 andika =IF(MOD(A1,2)=0,A1/2,3*A1+1), kisha uivute chini. Wakisie: kati ya 26, 27 na 28, ipi itachukua hatua nyingi? Ya 27 inachukua hatua 111 na njiani inapanda hadi 9,232. Mtoto wa miaka kumi na minne kuambiwa kwamba hapa wanahisabati wote wa dunia wamekwama ni jambo la kumtoa usingizini.

Simu hazimo kwenye mpango wangu, kwa kuwa wanafunzi wetu hawaruhusiwi kuja nazo shuleni na sitaki ugombane na mtu. Yako moja inatosha. Kuna Plickers, ambapo kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi, anaizungusha kulingana na jibu lake, wewe unapitisha kamera na simu inasoma majibu ya darasa zima. Utahitaji intaneti. Kama shule itapata mtu wa kuifungia Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, kwenye kompyuta moja, nyingine zitapata masomo na mazoezi kutoka hapo bila bando. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Pakua ukiwa mjini.

Michezo ya kushindana kujibu haraka, kama Kahoot, siipendi kwa mada mpya. Inamzawadia aliyekuwa anajua tayari, na yule anayefikiri taratibu anajifunza kwamba kufikiri taratibu ni ujinga. Kwa marudio kabla ya upimaji wa kidato cha pili, sawa. Video pia usizitupe, ila isimamishe kabla ya jibu na uwape dakika tatu waandike wanachodhani kinafuata. Dakika kumi za video zitakuwa thelathini, na hapo ndipo zitakapokuwa somo.

Kuhusu mkuu: mwombe mwezi mmoja, kipindi pacha kimoja kwa wiki kwa mkondo mmoja, na mkondo mwingine uendelee kama kawaida. Kila jaribio liwe na maswali mawili mawili juu ya jambo lile lile, moja la kukokotoa na moja la kueleza kwa nini. Yale ya kukokotoa yanaweza kuchelewa kupanda. Yale ya kueleza yatakuonesha mapema kama kuna kinachobadilika. Na kila mwanafunzi awe na kurasa za nyuma za daftari za makisio peke yake, hakuna kusahihishwa, hakuna alama, hakuna kufuta.

Anza na aljebra na grafu za mstari kwa kidato cha kwanza, na vipeo kwa kidato cha pili. Kwa logarithimu sijaona chemshabongo inayoshinda mazoezi ya kawaida, kwa hiyo huko fundisha kwa jedwali na ubao kama ulivyozoea, na ile saa uliyookoa itumie kusoma yale makisio.